Nakala ya Ziada: Mpweke, Mashine ya Picha na Familia Isiyo Yake

Mwaka 2002 ilitoka filamu ya Kimarekani iitwayo One Hour Photo, na tangu hapo watazamaji hawajakubaliana juu ya mtu mmoja: Sy Parrish, mtu wa makamo anayesafisha picha kwenye kona ya supamaketi. Wengine wanamwona mwendawazimu. Wengine wanasema ni mnyanyasaji wa watoto aliyekosa nafasi tu. Wengine wanamwona maskini wa Mungu ambaye angekaribishwa chai siku moja, yasingetokea yaliyotokea. Robin Williams, ambaye dunia ilimzoea kwa vichekesho, alimwigiza kwa sauti ya chini na nywele zilizopauka, akatufanya tumwogope na kumhurumia kwa mara moja. Aliyeiandika na kuiongoza ni Mark Romanek.

Kisa chenyewe ni chepesi kusimulia. Familia ya Yorkin, yaani Will, mkewe Nina na mtoto wao wa kiume Jake, wanapeleka mikanda yao ya picha kwa Sy. Kila wanapopeleka, Sy anatoa nakala moja zaidi ambayo hakuna aliyeiagiza, anaitia mfukoni, anakwenda nayo. Kwake ukuta mzima umefunikwa na picha za Yorkin, safu juu ya safu, miaka juu ya miaka. Asiyetaka kujua mwisho wa filamu basi aishie hapa, maana tutaufikia.

Wengi wanaojaribu kulifumbua fumbo hili huanzia kichwani mwa Sy: ana ugonjwa gani, alizaliwa nao au aliupata? Njia hiyo ni ndefu na inapotea kirahisi. Tuanzie kwenye mashine yake. Karibu kila kosa analolifanya lina mlango wake kwenye jinsi kazi ile inavyofanyika.

Kazi inayokulazimisha utazame

Kwa vijana waliozaliwa simu zikiwa mkononi, hebu kwanza tueleze. Mkanda wa rangi ulikuwa na picha 24 au 36. Ulisafishwa kwa utaratibu uitwao C-41, ambao Kodak iliutoa mwaka 1972 na baadaye ukatumiwa na karibu kila kampuni. Mkanda unaingia kwenye dawa ya kwanza, ile ya kutoa picha, yenye joto la nyuzi 37.8, kwa dakika 3 na sekunde 15. Joto hilo halina mchezo: likipanda au kushuka hata kwa sehemu ya sita ya nyuzi moja, rangi zinaanza kuhama. Kisha zinafuata dawa mbili za kuondoa fedha iliyomo kwenye mkanda, moja ya kuigeuza na nyingine ya kuiyeyusha, halafu maji ya mwisho, halafu hewa ya moto. Kinachotoka ni negativu: nyuso za bluu, meno meusi, yote yakiwa ndani ya rangi ya chungwa.

Kinachoharibu kazi mara nyingi huwa ni dawa kuchoka. Kila mkanda unakula dawa kidogo, kwa hiyo mashine huongeza dawa mpya kwa kipimo, kulingana na mikanda iliyopita. Kama wateja ni wachache, dawa inasimama kwenye tangi, hewa inaila, na kile kipimo cha nyongeza hakitoshi kuifufua. Ndiyo maana duka lenye foleni lilikuwa likitoa picha nzuri kuliko duka tulivu, kinyume na watu walivyodhani. Fundi makini alianza siku kwa kupitisha kipande cha majaribio, mkanda mfupi uliopigwa mwanga kiwandani, kisha akakisoma kwa kifaa cha kupima weusi wa rangi na kulinganisha na namba za kiwanda. Fundi mvivu alisubiri mteja alalamike.

Halafu negativu inakwenda kwenye mashine ya kuchapa, na hapo ndipo penye jambo letu. Mashine ile haijui kutazama. Inachukua mwanga wote wa picha, inautafutia wastani, na kudhani kuwa dunia nzima, ukiichanganya, ni kijivu. Bibi harusi mwenye gauni jeupe mbele ya ukuta mweupe anatoka kama amesimama kwenye moshi, kwa sababu mashine imejitahidi kuufanya weupe wote uwe kijivu. Mtu aliyesimama mbele ya giza anatoka amepauka kama aliyemwagiwa unga. Kwa hiyo fundi analazimika kutazama kila picha kwenye kioo kidogo kabla haijachapwa, na kubonyeza vitufe: ongeza weusi, punguza njano, sogeza siani, ile bluu inayoelekea kijani. Anatazama nini hasa? Uso. Ngozi ndiyo kipimo chake, kwa kuwa mteja anaweza asijue nyasi zilikuwa za kijani kiasi gani, lakini uso wa mwanawe anaujua. (Na ngozi iliyotumika kama kipimo kwa miaka mingi ilikuwa ya wanawake weupe, waliopigwa kwenye kadi maalumu za kiwanda. Wenye albamu za zamani zenye mashangazi waliotoka kama vivuli vyenye meno wanajua gharama ya hilo.)

Mkanda mmoja, basi, ni nyuso 36 zinazopita mbele ya macho ya mtu asiyezihusu, na kuzitazama ndiyo kazi aliyoajiriwa kuifanya. Kwenye filamu Sy anagombana na fundi wa mashine kwa sababu picha zimeanza kuelemea siani, tofauti ndogo ambayo mteja wa kawaida hataigundua. Wengi huichukulia sehemu hiyo kama dalili ya wazimu. Anayeijua kazi ile anaiona tofauti: Sy ana haki. Siani ikizidi, ngozi inakuwa ya mtu anayeumwa. Yeye anawatunzia watu nyuso zao, na anaona anayelipwa kumsaidia hajali.

Kuna jambo jingine, la kihistoria. Zamani mikanda ilipelekwa kwa posta au kwa gari hadi kiwanda kikubwa, ambako picha zako zilipita katikati ya maelfu na hakuna aliyekujua. Mwaka 1979 kampuni ya Noritsu ya Japani ilitoa mashine ndogo iliyoweza kuanza na mkanda na kumaliza na picha kavu ndani ya dakika 45. Mashine hiyo na ndugu zake ziliingia madukani. Macho yaliyokuwa mbali kiwandani yakahamia mtaani kwako, kwenye kaunta ile ile unaponunulia sabuni, yakiwa na bahasha iliyoandikwa jina lako, simu yako na mahali unapoishi. Sy hakuvunja mlango wa mtu kuingia. Maisha ya wale watu yaliletwa kwake, yakiwa ndani ya bahasha, wakamlipa na kusema asante.

Karatasi haidanganyi

Aliibaje muda wote huo bila kukamatwa? Hesabu ni nyepesi. Tuchukulie familia inaleta mkanda mmoja wa picha 36 kila mwezi, na fundi anatoa nakala moja ya ziada ya kila picha. Ni nakala 432 kwa mwaka. Bunda la karatasi la upana wa sentimita 10 na urefu wa mita 175, likikatwa vipande vya sentimita 15.2, linatoa picha 1,150 hivi. Wizi wa mwaka mzima, kwa hiyo, haufiki hata nusu ya bunda moja, katika duka linalomaliza mabunda bila kuhesabu.

Tena kazi ile ina mfuko wake wa kujifichia: picha mbovu. Karatasi inakwama, rangi inakataa, mteja anataka irudiwe. Zote hizo zinatupwa na kuandikwa kwenye safu ya hasara, na hakuna meneja anayekwenda kupekua pipa la taka kuhakikisha kuwa picha 12 zilizoandikwa kuwa mbovu zimo kweli. Lakini mashine ina kihesabu chake, nacho hakina urafiki na mtu. Siku meneja atakapokaa chini na kujumlisha picha zilizolipiwa, picha mbovu na za majaribio, kisha akalinganisha na kihesabu, pengo litaonekana. Ndicho kinachomwondoa Sy kazini: meneja anagundua kuwa zimechapwa picha nyingi mno kuliko zilizolipiwa. Inafaa tulikumbuke hilo. Hakukamatwa kwa kupenda familia ya watu. Alikamatwa kwa karatasi.

Upweke wa mtu anayesalimiwa siku nzima

Watazamaji wa kwetu mara nyingi hukwama hapa. Mtu anahudumia wateja tangu asubuhi hadi jioni, anaitwa kwa jina lake, anatabasamu na kutabasamiwa. Huyo ni mpweke kwa namna gani?

Mwanasosholojia Robert Weiss alitoa jibu mwaka 1973 kwa kutenganisha upweke wa aina mbili. Mmoja ni wa kukosa jamii: huna kundi, huna jirani, huna wa kupiga naye soga. Wa pili ni wa kukosa mtu wako: yule ambaye ukichelewa kurudi ataona umechelewa. Hoja yake nzito ni kwamba dawa ya mmoja haitibu mwingine. Unaweza kumjazia mtu marafiki mia na bado akakosa mtu wake. Sy anasalimiwa na mji mzima, lakini akianguka chumbani kwake usiku, atakayejua ni msimamizi wa zamu ya kesho.

Mwanasaikolojia John Cacioppo wa Chuo Kikuu cha Chicago aliufananisha upweke na njaa: ni ishara ya mwili kwamba kuna kitu kinahitajika, nayo si dosari ya tabia. Tatizo ni kwamba njaa ikizidi unatafuta chakula, ilhali upweke ukizidi unaanza kukihofia chakula chenyewe. Mpweke wa muda mrefu anakuwa mwepesi wa kuona dharau. Uso usio na tabasamu anausoma kuwa umemkataa, ujumbe uliochelewa anausoma kuwa hatakiwi. Basi anajihami, anajitenga au anajikaza kupita kiasi, na watu kweli wanaanza kumkwepa. Wahenga waliosema upweke ni uvundo waliliona hili bila maabara: kitu kilichofungiwa kinaoza kwa ndani, na harufu yenyewe ndiyo inayowafukuza ambao wangekifungua.

Sasa mpe mtu wa namna hiyo picha. Picha haikunji uso. Haiangalii saa. Wote waliomo wanatabasamu kuelekea kwako, kwa sababu walikuwa wakitabasamu kuelekea kamera na wewe umekaa mahali pa kamera. Watafiti Donald Horton na Richard Wohl walieleza mwaka 1956 jinsi wasikilizaji wa redio na watazamaji wa televisheni wanavyojenga ukaribu na mtangazaji asiyewajua, ukaribu wa upande mmoja. Sy amejenga huo huo, ila wake una hatari zaidi: mtangazaji anajua kuwa ana watazamaji. Nina Yorkin hajui.

Tuongeze kitu kimoja kutoka kwa mwanasaikolojia Stanley Milgram, ambaye mwaka 1972 aliandika juu ya watu wanaokutana kila asubuhi kituo cha treni kwa miaka bila kusemeshana. Alivyoona yeye, kadiri ukimya unavyorefuka ndivyo inavyokuwa vigumu kuuvunja. Lakini watu hao hao wakikutana mbali na kituo chao, wanasalimiana kama ndugu. Ukilijua hilo, sehemu moja ya filamu inafunguka. Sy anamwona Nina na kitabu fulani. Anakitafuta na yeye, anakwenda kukisoma mahali pa kula kwenye jumba la maduka, mahali ambapo Nina atapita. Anajua kuwa kwenye kaunta atabaki yule wa picha maisha yake yote. Anataka wakutane pengine, ili wawe watu wanaofahamiana. Ni hesabu sahihi kabisa. Kinachotia baridi ni kwamba bahati ile ameipika mwenyewe.

Na anachokitaka ni kidogo. Katika ndoto zake za mchana haoni kitanda cha Nina. Anajiona sebuleni kwao, anaangalia televisheni, familia inarudi na kumfurahia. Anataka kuwa anko. Neno hili kwa Kiswahili cha mtaani halina thamani kubwa. Fundi baiskeli ni anko, konda ni anko, askari wa getini ni anko, na mtoto wa mtu anakuamkia shikamoo bila kukujua. Mtu mzima wa kwetu anapewa cheo hicho bure, mara kumi kwa siku, hata asipokitaka. Katika vitongoji vya Marekani alimowekwa Sy cheo hicho hakitolewi mtaani. Ama umezaliwa nacho, ama wazazi wamekukaribisha ndani na kukupa. Tusijidanganye kwamba salamu zetu zinamaliza upweke, maana Weiss amekwishatuonya. Lakini mtu kuua maisha yake kwa ajili ya kuitwa anko ni jambo ambalo msikilizaji wa Kiswahili anahitaji kutafsiriwa.

Sekunde 31

Sy anaamini kuwa anaijua familia ya Yorkin kuliko wanavyojijua wenyewe. Hebu tupime ujuzi huo.

Picha ya kawaida ya mchana hupigwa kwa muda wa sehemu moja ya 125 ya sekunde. Mkanda wa picha 36, ukijumlisha muda wote ambao mlango wa kamera ulikuwa wazi, ni chini ya theluthi moja ya sekunde. Turudi kwenye mfano wetu wa mkanda mmoja kwa mwezi, tuupe miaka 9, umri wa mtoto kama Jake. Tunapata picha 3,888. Zigawanye kwa 125. Ukuta mzima, pamoja na siku za kuzaliwa, Krismasi zote, bichi, baiskeli ya kwanza na meno yaliyong'oka, ni sekunde 31 za maisha ya watu watatu.

Nazo hazikuokotwa ovyo. Ni sekunde ambazo wenyewe walizichagua. Hakuna anayekimbilia kamera wakati mume amerudi saa nane za usiku na mke amejigeuza kama amelala. Hakuna anayepiga picha ya bili, ya mtoto anayesikiliza ugomvi kupitia ukuta, au ya chakula kilichopoa. Sy anasafisha picha kwa ustadi kuliko mtu yeyote mjini, anajua kila mbinu ya kuufanya uso uwe na afya, lakini hajawahi kujiuliza kilichokuwa nje ya fremu. Usione vyaelea, vimeundwa. Yeye ndiye mmoja wa waundaji, na bado ameamini kuwa vinaelea vyenyewe.

Kiswahili kina utani wake hapa. Katika filamu Sy anasimulia kuwa neno la Kiingereza la picha ya harakaharaka lilitoka kwa wawindaji: risasi inayofyatuliwa bila kulenga sawasawa. Sisi tunapiga picha na kupiga risasi kwa kitenzi kimoja tangu zamani, na hatujawahi kushangaa.

Kinapogeuka

Mtaalamu wa magonjwa ya akili Paul Mullen na wenzake wa Australia, katika kazi waliyoichapisha mwaka 1999, waliwagawa watu wanaofuatafuata wengine katika makundi matano kwa kuangalia wanachokitaka: aliyekataliwa na mpenzi, mtafuta ukaribu, mchumba asiyejua njia, mwenye kinyongo na mwindaji. Mtu anaweza kuhama kundi. Sy anaanza akiwa mtafuta ukaribu, na watu wa kundi hilo wana sifa inayowachosha polisi: onyo na mahakama haviwabadilishi sana, kwa kuwa hawaamini wanachofanya ni kosa. Kwa macho yao kuna uhusiano, na mwenye kuuzuia ndiye mkosaji.

Filamu inaonyesha hatua zake kwa uangalifu mkubwa. Kwanza ni nakala tu. Kisha anajipenyeza: mkanda wa Nina umebaki na picha moja, Sy anaugeuzia kwake, anajipiga, na sura yake inaingia kwenye bahasha ya familia. Huo ndio mpaka wa kwanza aliouvuka, naye anauvuka akitabasamu. Kisha anamtokea Jake kwenye mazoezi ya mpira na zawadi ya mwanasesere ambaye mtoto huyo alikuwa akimtamani. Mtoto anakataa, kwa sababu mama yake asingependa. Huyu ndiye mtu pekee katika familia ile aliyejua kilicho sawa.

Baadaye mambo mawili yanampata karibu kwa wakati mmoja. Anafukuzwa kazi, maana yake chanzo cha picha kimekatwa. Na mikononi mwake unaangukia mkanda wa mwanamke mwingine, Maya Burson, ambamo Will Yorkin anaonekana naye kama mpenzi. Mtu wa kawaida angesema haya ya watu hayanihusu. Lakini Sy amewekeza miaka. Anaziingiza picha zile kwenye bahasha ya Nina ili Nina aone mwenyewe, kisha anakwenda kusimama nje ya nyumba yao kungojea kishindo.

Hakuna kishindo. Kupitia dirishani anawaona wamekaa mezani wanakula, wote watatu.

Hapa ndipo filamu inapovunjika vipande viwili, na ndipo watazamaji wengi wanapopapita. Tunaona hasira yake kwa Will na tunadhani ndiyo yote. Kinachomwangusha ni ile meza. Nina amekwishajua, na bado amepakua chakula. Kwa Sy huo ni unafiki usiovumilika. Kwa yeyote aliyewahi kuishi na watu ni usiku wa kawaida wa mtu anayetafuta la kusema mtoto akilala. Ndoa halisi ilikuwa mbele yake kwenye kioo cha dirisha, kwa mara ya kwanza bila kuchaguliwa na bila kusafishwa, na hakuitambua.

Sy wa siku hizi ana bisibisi

Mashine zile zimebaki chache, lakini kaunta ipo. Leo picha zote za familia, na zaidi ya picha, hukabidhiwa fundi simu aliyekaa nyuma ya kioo chenye kava na chaja. Mafundi wengi ni watu wa kazi yao tu. Tofauti na enzi ya Sy ni kwamba hakuna karatasi: nakala ya ziada haili bunda wala haigusi kihesabu chochote.

Basi ni kupunguza kinachoweza kuonekana. Kubadilisha kioo, betri au tundu la chaji hakuhitaji namba yako ya siri. Mguso unaweza kujaribiwa kwenye ukurasa wa simu za dharura, na kamera hufunguka bila kufungua simu. Fundi akiing'ang'ania namba kwa kazi ya betri, chukua simu yako. Toa laini na memori kadi kabla. Simu nyingi za Samsung za miaka ya karibuni zina hali ya matengenezo inayomfungulia fundi simu tupu na kuficha vyako vyote; tatizo lake ni kwamba kioo kikishakufa huwezi kuiwasha, kwa hiyo watu huikumbuka wakati imeshachelewa. Ukiweza, kaa pale pale hadi amalize.

Kwenye steshenari mtego ni mwingine. Ukimtumia mwenye duka picha ya mtoto kwa WhatsApp ili aichape, imebaki kwenye simu yake na kwenye folda ya vilivyopakuliwa ya kompyuta, pamoja na za wateja wa tangu mwaka juzi. Mwombe aifute mbele yako, hadi kwenye pipa la kompyuta. Na kama ulituma kama hati ili isipungue ubora, ujue kuwa taarifa za mahali ilipopigwa zimekwenda nayo; ukituma kama picha ya kawaida, huondolewa. Sheria za kulinda taarifa binafsi, ya Kenya ya mwaka 2019 na ya Tanzania ya mwaka 2022, zinakupa nguvu ya kudai, ila mbele ya kaunta kinachofanya kazi ni kusimama na kungoja.

Picha za mwisho

Tubaki na lile swali la mwanzo: alikuwa mnyanyasaji? Sy anawafuata Will na Maya hotelini, anaingia na kisu na kamera, anawalazimisha kukaa mikao ya aibu huku akiwapiga picha. Hawagusi. Wanaobaki na tukio hilo peke yake humhukumu kuwa mwenye kiu ya mwili. Kisha anakamatwa, na mbele ya mpelelezi anasema, kwa kuzunguka, kwamba baba mwema hawafanyizi watoto wake mambo ambayo watoto hawapaswi kufanya, wala hawapigi picha wakiyafanya. Hataji jina. Hahitaji kutaja. Ghafla tunaelewa kwa nini kosa la Will kwa Jake lilimuuma kuliko lilivyowauma wenyewe, na kwa nini adhabu aliyoichagua ilikuwa kamera. Kamera ilimpata yeye kwanza, akiwa mdogo, mikononi mwa mtu mzima. Maisha yake yote baada ya hapo aliyapitisha akishika picha za watoto waliotabasamu kwa hiari yao.

Haya hayamsafishi. Watu wawili wamefanyiwa ukatili na hawakuwa wametenda kosa la jinai. Lakini yanaeleza anachokiomba mwishoni: picha zake. Mpelelezi anampa. Watazamaji wanajikaza, wakitarajia miili ya hotelini. Ni vitu vya chumbani, vya bafuni na kabatini, vilivyopigwa kwa karibu, kimoja kimoja, bila mtu hata mmoja. Anazitandaza mezani taratibu, kama alivyokuwa akizitandaza za wateja kwenye kaunta.